Mgonjwa Haulizwi Uji: Tunachokichanganya Tukisema "Kumsaidia Mtu Kufa"

Chupa ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya birika la kahawa lisilotumika, chumbani kwa shangazi yangu kule Mwanga, Kigoma. Chupa ndogo ya plastiki, ndani yake dawa ya maji, ubavuni imebandikwa karatasi yenye mwandiko wa kalamu: jina lake, kipimo, na maneno "kila baada ya saa 4". Niliishika nikaona imejaa mpaka karibu na shingo. Ilikuwa imetoka hospitali siku 9 kabla.

Shangazi alikuwa amelala ubavu, magoti ameyakunja mpaka tumboni, anauma upindo wa kanga ili asipige kelele watoto wakaamka. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Usiku ule, akili zake zikiwa timamu kabisa, aliniita nisogee akaniuliza: "Mwanangu, hivi hao madaktari hawana dawa ya kunilaza nisiamke tena?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka barazani nikamkuta baba mdogo amekaa kwenye mkeka, nikamuuliza kwa nini dada yake hapewi ile dawa. Alinijibu kwa sauti ya chini, isifike ndani: "Ile ni dawa ya kumalizia. Ukianza kumpa, umeshamuua. Mimi sitaki kusimama mbele ya Mwenyezi Mungu na roho ya dada yangu mkononi."

Nyumba moja, na ndani yake mmoja anaomba afe, mwingine anamnyima dawa ya maumivu kwa kuogopa kumuua. Hakuna aliyekuwa mkatili pale. Baba mdogo ndiye aliyeuza shamba lake la michikichi ili dada yake apelekwe Mwanza. Kilichotushinda wote, na mimi nikiwemo, ni kwamba mambo yasiyofanana tulikuwa tunayaita jina moja. Ninaandika kwa ajili ya nyumba kama ile, kwa sababu mjadala wa haki ya mgonjwa asiye na tumaini la kupona kuchagua kufa umeshafika mpaka kwenye simu zetu, na umefika umevurugika.

Mambo yenyewe ni manne. La kwanza, daktari kumchoma mgonjwa sindano ya kumfisha kwa ombi la mgonjwa mwenyewe. Hiyo ndiyo eutanasia, ambayo wengine huiita kifo cha huruma. La pili, daktari kumwandikia mgonjwa dawa ya kufisha, kisha mgonjwa akainywa kwa mkono wake mwenyewe, siku anayoitaka yeye. La tatu, kuacha au kusitisha matibabu ambayo hayasaidii tena, ugonjwa ukaenda unavyokwenda. La nne, kutuliza maumivu, hata kwa dawa kali kama mofini. Ugomvi mkubwa wa dunia uko kwenye mawili ya mwanzo. Kwenye mawili ya mwisho madaktari, wanasheria, maaskofu na mashehe wamekaribiana kuliko wengi wetu tunavyodhani, na huko ndiko wagonjwa wetu waliko. Kwa hiyo nitaanzia mwisho.

Mofini hutokana na afyuni. Ikiingia mwilini hushika vipokezi vilivyoko kwenye ubongo na uti wa mgongo, taarifa ya maumivu ikapungua nguvu kabla mgonjwa hajaisikia sawasawa. Ikinywewa kama maji, kazi yake hudumu saa 4 hivi, na hiyo ndiyo maana ya yale maneno kwenye chupa. Hasubiriwi mtu mpaka alie. Dawa hutolewa kwa saa, ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Mgonjwa huanzishwa kipimo kidogo, kikapandishwa kidogo kidogo mpaka atulie. Siku za mwanzo husinzia sana, na mara nyingi ni kwa sababu hajapata usingizi kwa wiki nzima. Choo hukaza, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huenda sambamba na mofini tangu siku ya kwanza.

Je, mofini inaweza kuua? Ikitolewa nyingi kupita kiasi, hasa kwa mwili ambao haujaizoea, inaweza kuzuia pumzi. Hofu ya baba mdogo haikutoka hewani. Lakini kati ya kiasi kinachotuliza na kiasi kinachoua pana umbali, na kazi ya aliyefunzwa ni kumweka mgonjwa upande wa huku. Dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1977, na imo kwenye orodha ya taifa hapa kwetu pia. Kuna jambo jingine linaloipa jina baya, na sioni likisemwa sana: kwetu huletwa kwa kuchelewa. Mgonjwa anateseka miezi sita, mofini inafika akiwa amebakiza siku mbili, anakunywa leo na kesho kutwa anafariki. Majirani wanahesabu: alikunywa, akafa. Ugonjwa uliokuwa ukimla miezi yote hiyo unasahaulika, na chupa inabeba lawama.

Wanafikra wa dini walilishughulikia swali hili zamani. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliulizwa na madaktari wa dawa za usingizi kama ni halali kumpa mgonjwa anayekaribia kufa dawa ya kutuliza maumivu, hata kama inaweza kumfupishia maisha. Alijibu kuwa ni halali, iwapo hakuna njia nyingine na nia ni kutuliza wala si kuua. Msingi wa jibu hilo ni wa karne nyingi katika mafundisho ya Kanisa: kitendo kimoja kinaweza kuwa na matokeo mawili, moja unalolitaka na jingine unaliona tu linaweza kuja. Kwa Waislamu, mlango wa kuingilia ni nia vilevile, kwamba matendo huhesabiwa kwa nia. Shekhe mmoja wa Ujiji tuliyemwita nyumbani alimwambia baba mdogo hivyo hivyo, kwa maneno machache kuliko haya yangu. Kisha akamuuliza: "Nani amekwambia kuwa maumivu ya dada yako ni ibada yako wewe?"

Swali lile lilimshtua. Dozi ya kwanza ilitolewa usiku uleule, kwa kijiko cha chai.

Lakini hofu ya familia ni nusu tu ya tatizo. Mwaka 2017 tume ya jarida la tiba la Lancet ilipiga hesabu ya dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka. Zilikuwa tani 298.5. Katika hizo, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1, yaani kilo 100. Chukua gunia moja la mahindi lililojaa pale sokoni Kasulu, liweke mgongoni mwa mpagazi: huo ndio uzito wa mgawo wa mataifa yote maskini kwa mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, yaani ile tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa na kuishika mkono familia yake, na kwamba wanaoipata ni kama 14 tu kwa kila 100.

Umaskini peke yake hautoshi kuwa sababu, kwa maana Uganda si tajiri. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Kampala huduma ya hospisi, yaani ya kuwatunza wagonjwa wasio na tumaini la kupona, wakawa wanachukua unga wa mofini, wanauchanganya na maji, wanaujaza kwenye chupa na kuupeleka kwa wagonjwa majumbani. Ni dawa ya bei ndogo. Walipoona madaktari hawatoshi vijijini, nchi ikabadilisha kanuni, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoko Dar es Salaam, imebeba kazi hii kwa miaka mingi, na hospitali za kanisa kama Selian ya Arusha zilijenga huduma za kuwafuata wagonjwa nyumbani. Lakini kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni kilometa kama 1,250. Mwanza, kwenye tiba ya mionzi ya hospitali ya Bugando, ndiko karibu kidogo: ama basi kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, ama treni hadi Tabora, ushuke na mgonjwa wako, ungoje treni ya kuelekea ziwani. Shangazi alisafiri kwa basi, amekalia mto, na kila tuta la barabarani lilikuwa linampitia mfupani.

Jambo la tatu, kuacha matibabu, nitalipita kwa haraka zaidi, ingawa ndilo linalozua ugomvi mkubwa kwenye vikao vya ukoo. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa upasuaji, kukataa dripu, kukataa kupelekwa tena Mwanza. Kukataa huko si kujiua. Akifa, ameuawa na ugonjwa. Vivyo hivyo mashine ya kupumulia ikiondolewa kwa mtu ambaye haimrudishi tena kwenye uhai bali inachelewesha mazishi yake tu. Papa huyohuyo, mwaka uleule wa 1957, alifundisha kuwa hakuna wajibu wa kutumia njia za kupita kawaida kurefusha uhai. Baraza la kimataifa la fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, lilipokutana Amman, Jordan, mwaka 1986 lilikubali mashine iondolewe pale ubongo unapokuwa umekufa kabisa na wataalamu wakathibitisha. India, ambako wenzetu wenye uwezo hupeleka wagonjwa wao, Mahakama ya Juu ilitamka mwaka 2018 kuwa mtu ana haki ya kufa kwa heshima, ikimaanisha hasa haki ya kuacha mashine na kuandika mapema asichotaka kufanyiwa. Mtu akisoma habari ile juu juu anaweza kudhani India imeruhusu sindano ya kufisha. Haijaruhusu.

Sasa tuje kwenye yale mawili yenye ugomvi.

Uholanzi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwa na sheria ya kitaifa inayoruhusu eutanasia, ikaanza kutumika Aprili 2002, na Ubelgiji ikafuata mwaka huohuo. Uswisi ni habari tofauti. Kanuni yake ya adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1942, humwadhibu anayemsaidia mwenzake kujiua kwa tamaa yake binafsi, kwa hiyo asiye na tamaa haguswi, na kupitia upenyo huo vikaota vyama vinavyowapokea hata wageni. Marekani hakuna sheria moja; jimbo la Oregon lilitangulia, wapiga kura wakaipitisha mwaka 1994 na ikaanza kazi mwaka 1997. Colombia ilifunguliwa mlango na mahakama mwaka 1997. Kanada iliruhusu mwaka 2016, Hispania na New Zealand mwaka 2021. Nyingi ya nchi hizi huruhusu daktari kuchoma sindano. Oregon hairuhusu, mgonjwa lazima anywe mwenyewe.

Afrika, kesi inayofaa kufahamika ni ya Robert Stransham-Ford, wakili wa Afrika Kusini aliyekuwa na saratani ya tezi dume. Aliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria imruhusu daktari kumsaidia kufa bila daktari huyo kushtakiwa. Tarehe 30 Aprili 2015 Jaji Hans Fabricius alimkubalia, tena kwa yeye peke yake, si kwa taifa zima. Stransham-Ford hakuisikia hukumu. Alikuwa amefariki asubuhi ileile, saa chache kabla, kwa ugonjwa wake. Serikali ikakata rufaa, na Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa ya Juu ikaitengua ile hukumu, pamoja na sababu nyingine kwamba mwenye shauri alishakufa na haki aliyoiomba haikuwa ya kurithiwa. Askofu Mkuu Desmond Tutu naye alitoka hadharani mwaka 2014 akaunga mkono kuwepo kwa uchaguzi huo, akasema amechukizwa na jinsi Mandela alivyoonyeshwa kwenye picha katika udhaifu wake wa mwisho. Mwaka 2016 aliandika kuwa hata yeye angependa awe na hiari hiyo. Alifariki Desemba 2021, sheria ya nchi yake ikiwa ileile.

Kwetu Tanzania hakuna utata wa kisheria. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kumuua mgonjwa kwa makusudi ni mauaji, hata kama alikuwa anakufa hata hivyo na hata kama aliomba mwenyewe. Sheria inasema wazi kuwa kuharakisha kifo cha mtu aliyekuwa anaelekea kufa kwa maradhi ni kusababisha kifo. Kumsaidia mtu kujiua adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Hata kujaribu kujiua ni kosa, jambo ambalo Mahakama Kuu ya Kenya ililibatilisha kwao Januari 2025. Nesi anayetoa mofini kwa kipimo kilichoandikwa hayuko popote katika vifungu hivyo. Anatibu.

Wanaotetea haki hii wana hoja nzito, na si haki kuwafanya watu waliochoka kuamini Mungu tu. Wanasema: maisha ni yangu, mwili ni wangu, kifo kimeshapiga hodi, ninachoomba ni kuchagua siku na namna, nikiwa bado nawatambua wanangu. Takwimu za Oregon zimenifunza jambo ambalo sikulitegemea. Mwaka baada ya mwaka, sababu zinazotajwa na wengi wa waliotumia sheria ile si maumivu. Ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yanayofanya maisha yawe matamu, na kupoteza heshima. Maumivu, au hofu ya maumivu, yako chini kwenye orodha. Na wengi mno kati yao walikuwa tayari wanahudumiwa na hospisi. Kwa hiyo anayesema "mpeni mofini, hataomba tena kufa" anasema kweli kwa wengi, si kwa wote. Jambo jingine: karibu theluthi moja ya wanaoandikiwa ile dawa hawainywi kamwe. Wengine wanakufa nayo ikiwa kabatini. Inaonekana kuwa na ufunguo mfukoni kuliwatosha.

Wanaopinga nao wana ya kuonyesha. Ubelgiji iliondoa kikomo cha umri mwaka 2014, ikaruhusu hata watoto kwa masharti makali. Kanada ilianza na watu ambao kifo chao kilikuwa kinaonekana mbele. Mwaka 2021 ikawafungulia mlango hata ambao hakionekani, na watu wenye ulemavu wakalalamika kwamba taifa linawarahisishia kufa kuliko kupata nyumba yenye njia ya kiti cha magurudumu. Mwaka 2023 waliokufa kwa njia hiyo Kanada walikuwa 15,343, karibu 5 katika kila vifo 100. Kwa wengine tarakimu hiyo ni uhuru uliotumika. Mimi inanitia wasiwasi, na wasiwasi wangu unatoka Kigoma.

Shangazi alijua bei ya basi. Alijua mchikichi unaanza kuzaa baada ya miaka, na kwamba ndugu yake ameuza iliyokuwa imeshakomaa. Alijua mjukuu wake amekosa muhula. Mara mbili nilimsikia akisema, "Nimewamalizia." Mtu wa namna hiyo ukimwekea mbele uchaguzi wa kufa kwa msaada, atauchagua kwa kiu yake mwenyewe, au kwa huruma aliyonayo kwetu? Oregon wapo pia wanaosema hawataki kuwa mzigo, lakini kule mgonjwa huyo amesimama juu ya hospisi inayomfuata nyumbani. Kwetu amesimama juu ya shamba la ndugu yake.

Na kuna jambo la msingi kuliko hilo. Tuna msemo: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni nzuri, kwamba usimsumbue aliyelala kwa maswali, mletee tu uji, kuomba kunamchosha. Ni msemo wa upendo. Lakini tumeunyoosha mpaka ukafunika kila kitu. Shangazi hakuulizwa kama anataka kwenda Mwanza, alipelekwa. Majibu ya kipimo aliambiwa baba mdogo, koridoni, akiwa amesimama na bahasha ya picha za eksirei mkononi, na pale pale wakakubaliana kuwa mgonjwa asiambiwe atavunjika moyo. Kwa miezi mitano yeye aliambiwa "ni uvimbe". Alijua. Wagonjwa hujua. Lakini kwa kuwa hakuna aliyemwambia, hakuwa na wa kumuuliza: nina muda gani, nitakufa vipi, nani atanifumba macho, nizikwe Ujiji kwa mama au hapa?

Tazama masharti ya Oregon sasa. Mgonjwa awe na miaka 18 au zaidi. Madaktari wawili wathibitishe kuwa ana miezi 6 au pungufu. Aombe kwa mdomo mara mbili na kwa maandishi mara moja, mbele ya mashahidi. Aelezwe ugonjwa wake, matarajio yake, na njia nyingine zilizopo, zikiwemo hospisi na tiba ya maumivu. Shangazi yangu asingevuka sharti hilo la mwisho, kwa maana hakuwa ameambiwa jina la ugonjwa wake. Sheria zote hizi, uzipende usizipende, zimejengwa juu ya mtu aliyeambiwa na kuulizwa. Ndiyo sababu sioni namna ya kuiunga mkono sheria kama hiyo hapa kwetu leo. Huwezi kumpa mtu haki ya kuchagua kifo ukiwa humpi haki ya kujua anaumwa nini, wala ya kulala usiku mmoja bila kuuma kanga.

Baada ya dozi ya tatu shangazi alilala saa sita mfululizo. Tulidhani amekwenda, binamu yangu aliweka kiganja mbele ya pua yake kusikia pumzi. Alipoamka aliuliza kama kuna mgebuka, samaki wa ziwani kwetu. Baba mdogo ndiye aliyeshika zamu ya dawa tangu siku ile, simu yake ikilia saa nne usiku, saa nane, saa kumi na mbili asubuhi, naye anaamka na kijiko. Swali la dawa ya kulala asiamke hatukulisikia tena kwa wiki tano.

Kisha tukalisikia. Safari hii hakuwa na maumivu. Alikuwa ameketi, nimemwegemeza kifuani, ananiambia polepole kwamba amechoka, kwamba kila kitu ameshakiona, na anaomba ruhusa. Ni hapo nilipoelewa kuwa ombi la kwanza na la pili, ingawa maneno yalikuwa yaleyale, hayakuwa ombi moja. La kwanza lilikuwa linaomba mofini. Hili lilikuwa linaomba kusikilizwa tu. Kwa wagonjwa wachache ambao mateso yao hayatulizwi na chochote, tiba shufaa ina njia ya kuwalaza usingizi mzito katika siku zao za mwisho, na Ufaransa iliiweka njia hiyo kwenye sheria kama haki ya mgonjwa mwaka 2016. Shangazi hakuwa huko. Alitaka kuambiwa kweli.

Tulimwambia. Baba mdogo alimwambia yeye mwenyewe, kwa jina la ugonjwa, akilia. Shangazi alimpapasa kichwa, akasema alijua tangu Mwanza. Akataja anapotaka kuzikwa. Akataka mwanawe wa Tabora aitwe, na alipofika, akamwagiza juu ya deni la elfu arobaini alilokuwa akidaiwa na mwenye duka, ambalo hakuna mmoja wetu aliyelijua. Shekhe alikuja akamfundisha dua ambayo Mtume alimwelekeza mtu aliyelemewa, asije akajitakia mauti moja kwa moja: "Ewe Mola, nipe uhai maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe ikiwa kufa ni kheri kwangu." Alikuwa akiisoma kwa midomo tu, sauti ikiwa imeshaisha.

Siku mbili kabla hajafariki binamu yangu aliingia na bakuli la uji wa ulezi, kijiko tayari mkononi. Zamani angemnyanyua kichwa amnyweshe, kama tulivyokuwa tukifanya, uji mwingine ukimpalia. Alisimama pale mlangoni, akauliza: "Mama, utakunywa?" Shangazi alitikisa kichwa. Bakuli likarudi jikoni.